Ofisi Maskini Nayo Ina Haki ya Faragha

Kila kikundi cha mageuzi, kila kamati ya haki na amani ya parokia, na kila ofisi ya msaada wa kisheria katika nchi hii ina kabati moja lisilopaswa kufunguliwa na mtu asiyehusika. Ndani yake mna majina ya mashahidi, taarifa za wazazi waliopoteza watoto wao, orodha za mawakala wa uchaguzi, na barua baina ya wakili na mteja wake. Zamani kabati hilo lilikuwa la chuma na ufunguo ulikaa mfukoni mwa katibu. Leo limo ndani ya tarakilishi, na wenye kulifungua wametawanyika: mmoja yuko mahakamani Kisumu, mwingine yuko Lodwar akiandikisha malalamiko, na wa tatu ameketi mkahawani Mombasa akitumia intaneti ya wenyeji. Swali ninalotaka tulijadili bila kuoneana haya ni hili: njia itokayo kwao hadi kabatini ni ya nani, na ni nani awezaye kusimama kandokando yake akasikiliza?

Maoni yangu ni kwamba hata ofisi isiyo na mfadhili inaweza kuwa na njia yake ya faragha, ile iitwayo VPN, kwa gharama ambayo sadaka ya Jumapili moja ya kanisa la wastani inaweza kuilipa kwa miezi mingi. Udhaifu wetu mkubwa hautokani na umaskini. Unatokana na kuchagua bila kuuliza. Wako wanaonunua kwa bei ghali kitu wasichokihitaji, na wako wanaopokea cha bure kinachowauza wao wenyewe.

Wanaodhani kwamba hili ni jambo la mafundi peke yao na wakumbuke tulikotoka. Mwaka 1988 gazeti la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Mwaka 1993, ingawa kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa tangu Desemba 1991 na vyama vingi vimerudi, polisi walivamia kiwanda cha uchapishaji cha Fotoform jijini Nairobi na kuiacha mitambo yake haiwezi kufanya kazi. Funzo la miaka ile ni kwamba anayetaka kuinyamazisha sauti hamwendei msemaji peke yake. Huviendea pia vyombo vyake. Na vyombo vya leo ni seva, ruta na rununu.

Tuanze na mahitaji yetu

VPN ni njia ya faragha inayopitishwa ndani ya barabara ya umma. Chukua barua, itie katika mfuko uliofungwa kwa kufuli, kisha umpe mjumbe yeyote yule. Mjumbe ataiona safari ya mfuko, atajua uzito wake na mahali unapopelekwa, lakini hatajua kilichoandikwa ndani. Ndivyo ifanyavyo VPN: maneno yote hugeuzwa kuwa fumbo katika kipakatalishi cha mfanyakazi, yakasafiri hivyo hadi ofisini, na kufumbuliwa huko na mwenye ufunguo.

Lakini jina hilo moja linabeba vitu viwili tofauti, na wafanyabiashara wanafurahi tukivichanganya. Kuna VPN ya kuingilia ofisini, ambayo kazi yake ni kumwezesha mfanyakazi aliye mbali kuzifikia faili kana kwamba ameketi mezani pake. Na kuna VPN ya kibiashara, ambayo humficha mtumiaji asijulikane yuko wapi kwa kumpitishia mawasiliano katika seva za kampuni iliyo ng'ambo. Ya pili haikufikishi ofisini hata ukiilipia miaka kumi. Ofisi inayohitaji ya kwanza ikauziwa ya pili imetupa fedha za waumini.

Swali la kwanza la kamati, basi, si bei. Ni hili: je, tunaihitaji kweli? Ikiwa kazi yenu yote ni baruapepe na nyaraka zilizohifadhiwa kwa mtoa huduma anayefikiwa kwa tovuti salama, njia hiyo tayari imefungwa kwa fumbo. Mwenye mkahawa ataona jina la tovuti, hataona yaliyomo. Ofisi ya namna hiyo itafaidika zaidi kwa kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti, jambo lisilogharimu hata senti. Lakini ikiwa mna seva yenu ya faili, programu ya uhasibu iliyo ofisini, au kanzidata ya malalamiko ambayo hamtaki ionekane katika intaneti nzima, mnaihitaji VPN, na tena bila kukawia.

Sheria nayo imeshasema. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi habari za watu aweke hatua za kiufundi na za kiutawala za kuzilinda, na habari zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe katika saa 72. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5. Waumini wenzangu wasidhani kwamba hayo ni ya mabenki tu. Sheria hiyo inahesabu imani ya mtu, hali yake ya ndoa na habari za familia yake kuwa data nyeti. Rejista ya ubatizo na ndoa iliyoingizwa katika tarakilishi ya parokia imo humo. Nasi mawakili tunafungwa zaidi: kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinatukataza kutoa siri ya mteja bila idhini yake. Wajibu huo haukomi kwa sababu siri imesafiri kwa intaneti ya mkahawa.

Wako watakaosema kwamba asiye na hatia hana cha kuficha. Wamwambie hivyo mama aliyetoa ushahidi juu ya mauaji ya mwanawe katika maandamano ya Juni 2024, ambaye bado anaishi mtaa uleule na kukutana na watu walewale. Yeye hana hatia yoyote, na ana kila sababu ya kutaka jina lake lisijulikane kabla ya siku ya kesi. Siri ile ni yake. Sisi tumekabidhiwa tu.

Cha bure kina mwenyewe

Katika mikutano mingi nimesikia ushauri mwepesi: pakueni VPN ya bure kwenye rununu, mambo yaishe. Ushauri huo ni wa hatari. Kuendesha seva kunagharimu fedha kila mwezi. Asiyekutoza wewe anamtoza mtu mwingine kwa ajili yako. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013 na kuitoa VPN yake bila malipo kama kinga ya watumiaji, kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu wanazozitumia. Apple ilitaka iondolewe katika duka lake mwaka 2018, na mwaka 2019 huduma hiyo ikafungwa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN nyingine ya bure, ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine, hata mgeni asiyejulikana akaweza kupitisha shughuli zake katika mlango wako na alama za miguu zikaonekana ni zako. Hebu fikirini mwanaharakati akiulizwa na hakimu juu ya jambo lililotoka katika anwani ya nyumbani kwake.

Hata anayelipa asidanganywe na matangazo. Mwaka 2011 kampuni ya Uingereza iliyouza huduma ya HideMyAss ilitoa kumbukumbu za mteja wake kwa amri ya mahakama, na mteja huyo akakamatwa Marekani. Sisemi kwamba mshtakiwa yule alistahili kufichwa. Nasema kwamba maneno ya tangazo si kinga ya kisheria, na kwamba ukimpa mtu mwingine njia yako yote, umempa pia uwezo wa kukuona.

Ni lazima hata hivyo tutofautishe cha bure na kilicho huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yako wazi, kila fundi duniani anaweza kuyasoma na kuyakosoa, na hakuna anayedai ada ya leseni. Hapo hulipii programu. Unailipia seva na jasho la fundi. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Hesabu ya mkononi

Tuchukue mfano. Ofisi ina watu 15. Kampuni inawatoza dola 7 kwa kila mtu kwa mwezi. Hizo ni dola 105 kwa mwezi, dola 1,260 kwa mwaka. Tukihesabu dola moja kuwa shilingi 130, ni shilingi 163,800. Sasa tuseme ofisi hiyohiyo imekodi seva ndogo kwa dola 6 kwa mwezi na kuweka humo programu huria. Kwa mwaka ni dola 72, yaani shilingi 9,360, na gharama hiyo haipandi mkiwa 15 wala mkiwa 30. Tofauti ni shilingi 154,440. Sehemu ya fedha hizo mlipeni kijana fundi wa hapa nchini, kwa mkataba ulioandikwa, aje kuisimika, aitembelee kila mwezi na kuitia marekebisho ya usalama. Salio likawalipie mashahidi nauli.

Programu ninayoiona inafaa zaidi kwa ofisi zetu ni WireGuard, iliyoasisiwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux mwezi Machi 2020. Uzuri wake ni ufupi. Ilipoingizwa ilikuwa na takriban mistari 4,000 ya maandishi, hivyo mkaguzi mmoja anaweza kuisoma akaimaliza. Haihitaji mashine yenye nguvu, inarudi haraka mtandao unapokatika, na inapatikana kwa Windows, Linux, Android na iPhone. Ruta za MikroTik, ambazo mafundi wetu wengi wanazifahamu, zinayo ndani yake tangu toleo la 7. Ofisi yenye ruta ya namna hiyo huenda isinunue kitu kingine chochote.

Ina kasoro zake pia. Hutumia mtindo wa usafirishaji ambao baadhi ya mitandao ya hoteli na vyuo huuzuia. Hapo OpenVPN, nayo huria na inayotumika tangu mwaka 2001, ina faida, kwa kuwa inaweza kupitishwa katika mlango uleule wa tovuti salama. Ila ni nzito zaidi na mipangilio yake ni mingi. Iwapo fundi anawapendekezea PPTP kwa sababu tu imo katika kila mashine kuukuu, mkataeni. Tangu mwaka 2012 imejulikana hadharani kwamba fumbo lake linavunjika.

Ziko pia huduma za katikati, kama Tailscale, zinazotumia WireGuard hiyohiyo na kuwapangia funguo, baadhi zikiwa na ngazi isiyolipiwa kwa vikundi vidogo. Hizi si sawa na zile za bure nilizozilaani, kwa sababu ufunguo wa siri hubaki katika mashine yako na kampuni haiwezi kusoma yapitayo. Lakini inayo orodha ya mashine zenu. Ofisi ya ushirika wa wakulima inaweza kulikubali hilo. Ofisi inayowaficha mashahidi ilifikirie mara mbili.

Kabla ya kukata shauri, muulizeni mtoa huduma wenu wa intaneti kama anawapa anwani yenu ya IP au mnaichangia na mamia ya wateja wengine. Wengi nchini wanaichangia, na katika hali hiyo seva iliyoko ofisini haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Wengine huuza anwani ya pekee kwa ada ya mwezi. Linganisheni ada hiyo na kodi ya seva ya nje. Seva iliyoko ofisini ina heri ya kuwa mikononi mwenu, lakini stima ikipotea nayo inalala, na polisi wakija wanaibeba. Iliyokodiwa nje ina stima daima, lakini iko chini ya sheria za nchi nyingine. Shauri langu ni kwamba seva ya nje iwe mlango tu, na faili zenyewe zibaki ofisini zikiwa zimefungwa kwa fumbo katika diski.

Na kwa kuwa bando ni ghali, fundi aelekezwe kupitisha katika VPN mambo ya ofisi peke yake, si video za kila mtu. Kufanya hivyo kunaokoa fedha, na kunapunguza pia mzigo wa seva.

Ufunguo na wenye kuushika

Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa bomba kubwa, ilisimamisha kazi na kuwalipa wahalifu takriban dola milioni 4.4. Waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena, iliyolindwa kwa nenosiri tu bila uthibitisho wa hatua ya pili. Kampuni tajiri iliangushwa na ufunguo ambao hakuna aliyekumbuka kuudai.

Ofisi zetu zina funguo ngapi za namna hiyo? Wanafunzi wa sheria huja kwa miezi mitatu na kuondoka. Wanachama huhama vyama, nasi tunazijua siasa za Kenya: rafiki wa leo yuko jukwaa lingine kesho asubuhi. Kwa hiyo kila mtu na awe na ufunguo wake mwenyewe, na pasiwe na ufunguo wa kuchangia. Kuwe na orodha iliyoandikwa, inayopitiwa na kamati kila robo mwaka na kutiwa katika kumbukumbu za mkutano. Siku mtu anapokabidhi funguo za mlango, ufunguo wake wa VPN ufutwe siku hiyohiyo. Na mamlaka ya seva yasiwe ya mtu mmoja. Tulipinga utawala wa mtu mmoja Ikulu. Hatuwezi kuusimika chumbani kwa fundi. Wawili waushike, na nakala iliyofungwa iwekwe mahali pa salama.

Mipaka yake

Sitaki msomaji aondoke akidhani nimemwonyesha mti wa ajabu. VPN hupita katika nyaya zilezile za umma. Zikikatwa, nayo imekatika. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni, intaneti ilivurugika nchini, ingawa siku moja kabla Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuifunga. Safaricom ilisema nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa na hitilafu. Iwe iwavyo, siku kama hiyo hakuna VPN inayotosha. Inayotosha ni nakala ya karatasi na namba za simu zilizoandikwa daftarini. Ni tofauti pale ambapo programu moja tu imezuiwa, kama Telegram ilivyozuiwa wakati wa mitihani ya kitaifa mwezi Novemba 2023. Hapo VPN yenye mlango wake nje ya nchi husaidia.

Wala VPN haiilindi mashine iliyokwisha kutekwa. Mwaka 2025 watafiti wa Citizen Lab walieleza kwamba walikuta programu ya ujasusi katika simu za watengenezaji filamu wa Kenya, iliyowekwa wakati simu hizo zilipokuwa mikononi mwa polisi. Simu iliyorudi kutoka kituoni isiruhusiwe kuingia ofisini kabla ya kukaguliwa, na ufunguo wake ubadilishwe papo hapo.

Wenye kushirikiana na wenzetu wa nchi jirani wazingatie pia sheria za huko. Kwetu Kenya hakuna sheria inayokataza kutumia VPN. Lakini Tanzania, mwezi Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano iliwaagiza watumiaji wa VPN wajiandikishe. Uganda iliifunga intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Mjumbe wetu anayevuka Namanga au Busia asafiri akijua hayo.

Wakati ni huu

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Mawakala watapiga picha za fomu 34A katika maelfu ya vituo na kuzituma. Waangalizi wa makanisa watatuma ripoti zao. Mashahidi wa kesi zitakazofuata watataja majina yao kwa mawakili. Hayo yote yatapita katika njia fulani, na njia hiyo haijengwi usiku wa kuamkia kura. Fundi anahitaji miezi ya kuijaribu, na wafanyakazi wanahitaji miezi ya kuizoea.

Kwa hiyo naliomba kila tawi na kila kamati ya parokia ifanye mambo manne kabla ya mkutano wake ujao. Iandike ni habari zipi inazihifadhi na nani anazifikia akiwa mbali. Iondoe VPN zote za bure katika mashine za kazi. Iulize juu ya anwani ya IP na ipate makadirio ya bei kutoka kwa mafundi wawili, si mmoja. Na iwateue watu wawili wa kushika funguo, majina yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu hakusubiri fedha za mfalme zimtoshe kuajiri jeshi. Aliwapa watu kila mmoja sehemu iliyokabili nyumba yake. Sehemu iliyokabili ofisi yako, ndugu msomaji, ni hiyo ruta iliyo juu ya kabati, na nenosiri ambalo halijabadilishwa tangu siku iliponunuliwa. Anza na hilo leo.